Tarehe Juu ya Dari

Yule mkandarasi tulimbandika jina la Kesho, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukimpelekea hati ya malipo anaishika kwa vidole viwili, anatabasamu, anasema, "Mama, njoo kesho." Nimezifuata kesho zake mpaka viatu vikaisha visigino.

Kazi yenyewe ilikuwa lipu ya jengo la ghorofa tatu, vyumba arobaini na viwili. Mimi na mafundi wangu sita tuliimaliza mwezi wa sita, siku mbili kabla ya muda. Nikamwomba anisainie cheti cha kukamilisha kazi. Mara mhandisi hayupo, mara mhuri umefungiwa kabatini. Nami, mjinga wa kuamini mdomo wa mtu, nikaondoka bila karatasi. Mafundi hawali ahadi, kwa hiyo nikaweka rehani mashine ya kuchanganyia saruji aliyoniachia marehemu mume wangu, nikawalipa. Mkopeshaji akanipa hadi tarehe thelathini ya mwezi wa kumi. Ikipita hiyo, anaiuza. Bila mashine ile sina kampuni, nabaki kibarua mwenye mwiko.

Mwezi wa tisa Kesho akaniandikia barua. Eti nilimaliza mwezi wa nane, nimechelewa, na faini ya ucheleweshaji imemeza malipo yangu yote. Imemeza! Tena nikabaki nadaiwa kidogo. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mtu anakula jasho lako, halafu anakudai maji ya kunawa.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye fundi wangu mkuu, na hapandishi sauti hata akipondwa kidole kwa nyundo. "Shemeji," akaniambia, "mahakamani tutazeekea. Mkataba una kifungu cha mwamuzi. Anaamua ndani ya siku ishirini na nane, na akisema mtu alipe, analipa ndani ya siku saba. Mwenye ugomvi ataupeleka mahakamani baadaye, lakini ameshalipa."

Nikahesabu kwa vidole. Tulikuwa tarehe ishirini na nne mwezi wa tisa; tukimwandikia siku ile, uamuzi ungetoka tarehe ishirini na mbili mwezi wa kumi, malipo tarehe ishirini na tisa. Ingebaki siku moja tu ya kuiokoa mashine.

Mwamuzi alikuwa mhandisi, mwanamke wa maneno machache. Alitusikiliza katika chumba cha mikutano kilichonuka rangi mpya. Kesho alikuja na mafaili manne na wakili. Mimi nilikuja na mkataba, daftari la mahudhurio, na shemeji.

"Daftari umeliandika mwenyewe," mwamuzi akaniambia. "Una kitu kingine cha kuonyesha mlimaliza lini?"

Shemeji akakohoa. "Tarehe ziko ukutani, mheshimiwa."

Ilikuwa desturi ya mume wangu. Kila chumba kikiisha, lipu ikiwa bado mbichi, fundi anachora tarehe kwa msumari juu kabisa, mahali ambapo dari itapaficha. Mimi nilikuwa nawagombeza kwamba wanacheza kazini.

Tukaenda wote kwenye jengo. Tulipofika chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu, shemeji akasimamisha ngazi, akaomba kipande kimoja cha dari kifunguliwe. Kesho akafoka. "Dari hii haiguswi! Niliifunga mwezi wa saba, mteja akaipokea na kunilipa!"

Kalamu ya mwamuzi ikasimama. "Mwezi wa saba. Na lipu ya juu yake iliisha mwezi wa nane?"

Wakili akafumba macho.

"Fungueni," mwamuzi akasema.

Tarehe ilikuwepo, kumi na nane mwezi wa sita, kwa mwandiko mbaya wa shemeji. Kesho akaitazama, akapata sauti tena. "Hawa wamepanda juzi wakachora!"

Yeye anayeshinda ofisini ndiye wa kuniambia habari za lipu? Nikachukua msumari mfukoni mwa shemeji, nikamkabidhi mwamuzi. "Panda, mheshimiwa. Chora wewe mwenyewe pembeni yake."

Akapanda, akachora. Vumbi likamwagika na mstari ukamegeka kingo. Wetu ulikuwa laini, kingo zimevimba kama uji mzito uliopitishwa kijiko. Lipu mbichi husukumika, kavu humeguka. Mwamuzi akapitisha kidole kwenye mistari yote miwili, akashuka, akaandika.

Uamuzi ulitoka tarehe ishirini na mbili: nilipwe zote, na riba juu. Kesho alingoja mpaka siku ya saba, saa tisa alasiri, ndipo fedha zikaingia. Tarehe thelathini asubuhi nikawa mlangoni kwa mkopeshaji.

"Umewahi, mama. Mashine ni yako," akasema, akihesabu. "Ila haipo hapa. Nimeikodisha mtaa wa nyuma."

"Kwa nani?"

Akanitajia mkandarasi yule yule, Kesho. Nikamuuliza, "Na yule anakulipa?"

"Kila asubuhi, taslimu, kabla haijatoka getini. Bila hivyo siitoi."

Kumbe fedha alikuwa nazo siku zote. Alininyima mimi zangu, akazitumia kukodi mashine yangu, na huko alilipa kabla ya kazi! Sijawahi kutembea kwa hasira kama siku ile.

Niliikuta inazunguka, tumbo limejaa saruji. Nikazima swichi. Vibarua wakanikodolea macho. "Mwageni, muioshe," nikawaambia, maana saruji ikigandia ndani mashine imekufa.

Kesho akatoka mbio. "Aa, mama! Tumalizie ukuta huu tu. Njoo uichukue kesho."

"Leo," nikasema, nikashika ndoo ya maji.