Askari Wasiojua Utani

Tenin Traoré alikuwa fundi wa kutia vitambaa rangi mjini Ségou, na mdomo wake ulijulikana kuliko vitambaa vyake. Basi aliposikia kwamba daktari mpya wa hospitali anaitwa Zoumana Diarra, akasahau viungo vilivyokuwa vikimuuma na uso uliomvimba. Diarra! Mtani wa akina Traoré tangu enzi za mababu. Mgonjwa atake nini tena?

"Nani kampa mla kunde koti jeupe?" aliuliza akiwa bado mlangoni, kwa tusi la kale la watani hao.

"Ingia, mtumwa wangu," daktari akamjibu bila kuinua macho. "Nilidhani nimeshakuuza."

Wakatukanana weee, mpaka wauguzi wakaja kuchungulia. Kisha Tenin akapimwa damu na mkojo, na daktari akasoma majibu. "Tenin, askari wa mwili wako wanazila figo zako."

Tenin alicheka mpaka akashika meza. Wallahi, akina Diarra wana kipaji!

"Sikutanii."

"Kila mtani husema hivyohivyo."

Maskini daktari, akajaribu njia nyingine. Akamweleza kwamba kifuani, nyuma ya mfupa, kuna tezi ambayo ndiyo shule ya askari wa mwili. Humo kila askari huonyeshwa vipande vya mwili wenyewe: hiki cha figo, hiki cha ngozi, hiki cha moyo.

"Ni kama wewe ulivyofundishwa utani," akasema. "Huyu ni Diarra, atakuudhi, lakini humpigi. Askari akimrukia wa kwao, anauawa hukohuko shuleni. Wakorofi wachache huponyoka, na huku nje wapo wasimamizi wa kuwatuliza. Sasa wasimamizi wako wamelala, wakorofi wanakutwanga. Vidonge hivi vitawapunguza nguvu."

"Yaani mwili wa Traoré hauna adabu?"

"Hauna."

"Basi mwalimu wa shule hiyo ni Diarra," alisema Tenin, akaondoka akijipongeza.

Nyumbani alimkuta wifi yake, Assa, ambaye hakusomea udaktari na hajawahi kuliona hilo kuwa kikwazo.

"Dawa ya kupunguza kinga? Mgonjwa apunguziwe kinga? We wifi, huyo mtu anakutania mpaka kwenye dawa!"

Akamletea chupa ya mizizi ya kuongeza kinga. Akili nyingi hiyo: askari wanakupiga, basi walishe washibe. Tenin akavitupa vidonge nyuma ya kabati, akawa anakunywa mizizi asubuhi na jioni, na kila mteja akasimuliwa kichekesho cha figo zinazoliwa. Wateja walifurahi kweli. Miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa, mkojo ukatoa povu, naye akasema ni chumvi tu.

Siku alipobebwa kurudishwa hospitali, njiani alikuwa ametunga tusi la nguvu.

"We mla kunde," alisema kwa sauti iliyokwisha, "umeniroga ili upate wa kukupikia huko kwa wafu?"

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Pole sana, dada Tenin."

Dada! Tenin akasubiri tusi lifuate. Halikufuata. Akamwita punda, akamwita mwizi wa kunde za watoto. Wapi!

"Ulivimeza vile vidonge, dada?"

Tenin akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Hata msibani Diarra humtania Traoré. Baba yake alipofariki, akina Diarra walilala kaburini wakadai marehemu amekimbia kazi zao, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Leo huyu amekaa mbele yake, mpole, anamwita dada. Ina maana hali yake imepita hata ya msiba?

"Sikuvimeza," akasema. "Zoumana, nitukane."

"Dada..."

"Nitukane, nakuomba! Niite mtumwa, niite chochote!"

Daktari akachukua vidonge mezani. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Nikikutukana utacheka," akasema. "Na ukicheka, hutameza."

Tenin akanyoosha mkono, akapewa vidonge. Akavimeza kimoja baada ya kingine, huku machozi yakimtoka kwa kuwa hakuna aliyemtukana.