Wanamwita Demarion

Wachambuzi wa mpira wa kikapu walimpanga Demarion Oakes wa sita kati ya vijana wote nchini waliokuwa wakimaliza shule, na Lyle Renfro, kocha msaidizi wa chuo, ndiye aliyempata. Alimfuata kwao, mjini Gary, tena na tena, akakaa mezani kwa bibi yake, Bi Verlene, akala pai ya pichi hadi mkanda ukambana. "Niachie mjukuu wako, Bi Verlene," akasema. "Ataanza mechi ya kwanza, na hatatoka." Bibi akamwamini, na Renfro akawa amejifunga mwenyewe.

Maana hizo orodha, bwana, zinapima watoto kwa watoto. Shuleni Demarion aliruka juu ya vijana wenye chunusi. Chuoni akakutana na wanaume wenye ndevu, wengine wake zao wako jukwaani, waliokwisha kuhama vyuo viwili vitatu na kujua namna ya kumsukuma mtu kwa nyonga mwamuzi asione. Ilipofika Januari kijana alikuwa amekonda, na kila akikosa kikapu alitazama benchi. Mchezaji akishaanza kutazama benchi, mguu wake haumsikii tena.

"Leo ndiyo mwisho," kocha mkuu Stadtler alimwambia Renfro ndani ya basi. "Akiboronga tena, atakaa mpaka msimu uishe. Na usiniletee habari za wa sita, nimezichoka."

Mechi ilikuwa ugenini, lakini jirani na Gary, kwa hiyo Bi Verlene alikuja na gari la kanisa, kofia ya Jumapili kichwani. Masikio yake siku hizi yanadaka mdundo tu, maneno yanampita. Akaketi nyuma ya benchi, akampungia Renfro mkono.

Demarion alianza vibaya, akaendelea vibaya zaidi. Mpira wa kwanza alinyang'anywa mkononi. Wa pili aliurusha, hata ubao haukugusa. Akatazama benchi. Renfro akamwonyesha kwa viganja: tulia, tulia. Angefanya nini kingine? Hakuweza kuingia akamfungia.

Ndipo wanafunzi wa pale, nyuso zimepakwa rangi, wakamwanzia kama wanavyomfanyia kila mgeni anayekuja na sifa.

"Ha-na ki-tu!" Kisha makofi matano. "Ha-na ki-tu!"

Ukumbi mzima ukadaka. Renfro akageuka kumtazama bibi. Bi Verlene alikuwa amesimama, anapiga makofi pamoja nao, uso unang'aa. Kule Gary watu walimshangilia mjukuu wake kwa mpigo huohuo: De-ma-ri-on, kisha makofi. Alidhani wanamwita.

Renfro alitamani kumkimbilia. Lakini angemwambia nini, tena kwa kumpigia kelele sikioni mbele za watu?

Demarion alikuwa amesimama mstarini, amepewa mitupo miwili ya adhabu. Akainua macho, akamwona bibi yake anavyopiga makofi. Safari hii hakutazama benchi kabisa. Akarusha, akakosa. Akarusha tena, akakosa. Stadtler akamtoa.

Kijana akaja kuketi karibu na Renfro, akajifunika taulo.

"Kocha, usimwambie."

"Simwambii."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja, mwanangu."

Mechi ilipokwisha, Bi Verlene alimkamata Renfro mkono wa koti pale ukumbini.

"Umewasikia? Jumba zima! Tena si watu wake!"

"Nimewasikia, Bi Verlene," akajibu kwa sauti kubwa.

"Sasa mkubwa wenu ana akili gani, anamtoa mtoto watu wanamshangilia? Na nyie huko kwenu mna nini? Kila mechi natazama kwenye televisheni, nafungulia sauti mpaka jirani anagonga ukuta, sijasikia hata mara moja mkimwita hivi. Wafundishe watu wenu, baba. Mechi ijayo akianza, nataka niwasikie."

Renfro akasema atawafundisha.