Baba wa Kwenye Kipeperushi

Kipeperushi cha kampeni kilikuwa na picha ya mgombea upande mmoja, na upande wa pili picha ya mkewe, chini yake maneno: "Binti wa mwalimu." Aliyeyaandika ni katibu wa kampeni, lakini tusimsingizie mtoto wa watu. Yeye aliuliza tu, "Mzee wako alikuwa anafanya kazi gani?" Mke wa mgombea akajibu, "Alikuwa shuleni," akaishia hapohapo. Na kweli mzee alikuwa shuleni, miaka thelathini na moja, akifagia madarasa na kusafisha vyoo.

Alikuwa amezoea kumkana baba yake tangu utotoni. Alisoma shule hiyohiyo, na kila baba yake alipopita na ndoo, yeye aliinama kufunga kamba za viatu. Kamba zenyewe zilikuwa zimefungwa vizuri tu. Mumewe aliujua ukweli. Alikisoma kipeperushi, akakohoa kidogo, akasema karatasi zimeshachapwa.

Sasa mwandishi wa gazeti akataka kumwona mwalimu mstaafu nyumbani kwake. Mke wa mgombea akakimbilia huko roho mkononi, ili amwombe baba yake aseme anaumwa. Alichelewa. Mwandishi alishaketi sebuleni, simu yake ikirekodi mezani, na mzee alikuwa amevaa koti lake la harusini, kipeperushi kikichungulia mfukoni.

Mzee huyu hakuwa mtu wa kupindisha maneno. Aliwahi kumwambia mwalimu mkuu, mbele ya wazazi, kwamba choo cha ofisi kinanuka kuliko cha wanafunzi. Akisema ukweli leo, kesho mgombea atakuwa kichekesho cha mji mzima.

"Mzee, ulikuwa unafundisha somo gani?" mwandishi akauliza.

Baba akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni, kisha akaitazama ile simu.

"Hesabu," akasema. "Darasa la nne na la tano. Watundu hao, we acha tu!"

Akaendelea. Akataja ubao uliokuwa na ufa, dirisha lisilofungika, watoto waliokuwa wakilala mchana. Madarasa aliyajua yote kuliko mwalimu yeyote. Mwandishi akacheka, akaridhika, akaaga.

Mke wa mgombea angepaswa kushusha pumzi. Badala yake haya zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Miaka yote alimwonea haya baba yake. Leo alijionea haya mwenyewe, maana mzee aliyemlea kwa kazi halali alikuwa ameikana kazi hiyo kwa kinywa chake, kwa ajili yake. Akakaa kwenye kiti cha mwandishi.

"Baba..." akaanza.

Mzee alikuwa anavua koti. Akamsogelea, akapunguza sauti kana kwamba mgeni bado yupo.

"Nimesema vizuri, mama?" akauliza. "Nilitaka kusema mwalimu mkuu, nikaogopa nisije nikakuaibisha."