Shemeji Ashusha Bei

Shemeji aliingia dukani kwetu na futi kamba, akaanza kupima ukuta huku shangazi yangu amesimama papo hapo kaunta.

“Rafu zangu zitaanzia hapa,” alisema. “Nimeshaongea na mwenye nyumba. Ukishindwa kodi ya mwezi huu tu, chumba changu.”

“Pima na mlango,” shangazi akamjibu. “Hicho kitambi kisije kikakwama.”

Ni mdogo wa marehemu mume wa shangazi, na mtaa mzima tunamwita Shemeji. Duka lake liko ng’ambo ya barabara. Anauza mashine za gemu kama sisi, ila yeye ana mtaji wa kuchezea. Alikuwa ameshusha bei hadi chini ya aliyonunulia, na wateja wote wakamhamia. Mpango wake hakuuficha: ale hasara mpaka tufunge, abaki peke yake, kisha apandishe bei atakavyo.

Alipotoka tu, shangazi aliniagiza niandike bango lenye bei ya chini kuliko yake.

“Shangazi, tumebakiwa na mashine moja!”

“Kwani dirishani zinakaa ngapi?”

Shemeji aliona bango, akashusha tena. Tukashusha. Akashusha. Mteja akija kuiulizia ile moja, shangazi alimjibu bila kupepesa macho, “Imeshalipiwa, mwanangu. Vuka hapo kwa shemeji yangu, anazigawa kama njugu.”

Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe wateja walewale walikuwa wanarudi kwetu, maboksi kwapani. Mashine bila gemu ni pambo la sebuleni, na Shemeji pesa yake yote aliizika kwenye mashine. Shangazi pesa yake aliimalizia kwenye gemu na padi za kuchezea. Mashine mtu hununua mara moja. Gemu huzichoka kila wiki, akaja kutafuta nyingine. Faida ilikuwa huko, na foleni yetu ikafika barabarani.

Siku moja Shemeji akavuka, mpole kama aliyemwagiwa maji.

“Shemeji, tupandishe bei sote. Tunaumia.”

“Nani anaumia? Mimi kesho nashusha.”

“Unashusha tena?”

“Nina wateja wa kulisha, wewe!”

Akaondoka anaongea peke yake, na jioni bei yake ikateremka zaidi.

Mwisho wa mwezi akaja mwenye nyumba. Kodi ilikuwa tayari kwenye bahasha, lakini hakuiangalia. Alikuwa amekumbatia boksi jipya kutoka kwa Shemeji.

“Mama, ile gemu ya mpira ipo? Vijana wamenikalia kooni.”

“Imebaki moja,” shangazi alisema, “na kuna mtu ameiwekea oda.”

“Mama, nihurumie!”

“Nitakuhurumia, baba. Kaa kwanza hapo, tuandikiane mkataba wa miaka mitano.”

Mzee akavuta kiti, akaomba kalamu. Nami, taratibu, kwa kisigino, nikaisukumia chini ya kaunta katoni nzima la gemu za mpira.