Ua la Zamu Mbili

Ndoa ya Nduku na Kiilu ilikuwa ya kupokezana ufunguo. Nduku alikata waridi katika shamba la maua kule Ruiru, na lori la kazi lilimshusha Kiganjo jua likizama. Kiilu naye alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo hapo Thika, na saa hiyo hiyo ndiyo aliyotoka kwenda kazini. Walikutana langoni. "Chakula iko kwa sufuria," mmoja angesema. "Sawa," mwingine angejibu, na kila mtu akashika lake. Jumapili Nduku alikwenda kanisani, Kiilu akalala kama gogo. Nduku aliona wazi kwamba wakiendelea hivyo watageuka wapangaji wawili wa chumba kimoja. Jambo hilo lilimwogopesha, na yeye hakuwa mtu wa kukaa na hofu akiitazama.

Pale shambani kulikuwa na mama mmoja, Warigia, aliyetunza bustani ya nyumba ya meneja. Siku moja Nduku alimlalamikia kwamba waridi hukatwa likiwa bado limefumba, likapelekwa ng'ambo kwa ndege, likafungukia mezani kwa watu wasiolijua jasho lake. Yeye mkataji hajaona hata moja likifunguka.

"Kuna ingine inafunguka ukiiangalia na macho yako," Warigia alisema. "Primrosi ya jioni. Jua ikiingia tu, inafunguka."

Jua likiingia. Nduku alifikiria lile lango, akaomba mbegu.

Zile za kwanza alizifukia kama mahindi, shimo la kidole kizima, na hakuna kilichoota. Warigia alimcheka. "Nani alikwambia uzizike? Hiyo inataka mwanga. Nyunyiza juu ya mchanga, bonyeza na mkono, wacha." Akampa nyingine, na safari hii zikaota nyuma ya nyumba: majani tu, yamelala chini duara kama sahani. Nduku hakumwambia Kiilu kitu, maana alitaka kumshangaza. Hapo ndipo alipokosea.

Jioni moja alimkuta Kiilu langoni akitabasamu, macho mekundu. "Leo sikulala. Nimekulimia huko nyuma yote. Kulikuwa na magugu mbaya sana."

"Asante," Nduku alisema, kwa sababu mume aliyeacha usingizi akakulimia hatukanwi. Kisha akaenda nyuma akalia. Alikuwa na hasira, na nyingi zilimrudia mwenyewe: ametaka ua limsemee kwa mumewe, ilhali mdomo anao. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtungi wake ulikuwa umebaki na tone: mche mmoja ulisalia kando ya jiwe la kufulia, jembe lilipokosa nafasi.

Kesho yake, langoni, hakuuachilia mkono wa Kiilu uliompa ufunguo. "Kando ya jiwe la kufulia kuna mmea. Usiguse. Ni yangu."

"Ni dawa?"

"Ni maua."

"Mbona haina maua?"

"Itatoa mwaka ujao."

Kiilu alimtazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe atataga. Hata hivyo, wiki hiyo mmea ulipata uzio wa vijiti vilivyofungwa kwa nyuzi za kutupwa za kiwandani, ili kuku wa jirani wasiuchakure. Na langoni likaongezeka swali: "Mmea yako je?"

Baridi ya Julai ilipita, mwaka ukageuka. Shina likapanda hadi kiunoni, likabeba vitumba virefu. Siku Nduku alipoona asubuhi kimoja kimevimba, jioni alishuka kwenye lori akikimbia.

"Kaa kidogo," alimwambia Kiilu.

"Nitachelewa, Nduku. Supavaiza atanifokea."

"Chelewa."

Akafunga lango kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani. Kiilu alicheka kwa mshangao, akamfuata nyuma. Walisimama kando ya jiwe, na kwa muda hapakuwa na lolote. Kiilu alianza kuguna. Kisha kitumba kikatikisika, ganda likateleza, na petali nne za manjano zikajikunjua mbele yao bila upepo wala mkono wa mtu.

"Kumbe," Kiilu alisema polepole. Alisahau kuondoka, na aliposhtuka ilibidi aende mbio.

Siku iliyofuata Nduku alikata waridi roho ikiwa juu. Je, kama wamemfuta kazi? Je, kama amekasirika? Jioni alifika langoni akakuta hakuna mtu wa kumpa ufunguo. Lango lilikuwa wazi. Akaingia, akazunguka nyumba.

Kando ya jiwe kulikuwa na stuli mbili, chupa ya chai na vikombe. Kiilu alikuwa amekaa, ovaroli ya kazi mwilini.

"Nimeongea na Dismas wa zamu ya mchana," alisema. "Jioni atanishikia mashine nusu saa, na asubuhi yeye atachelewa nusu saa, mimi nakaa mpaka afike. Keti. Ingine iko karibu kufunguka."

Nduku aliketi. Ufunguo ulikuwa umeachwa langoni, kwenye kufuli, na hakuna aliyeukumbuka.