Chai ya Sinki la Wodi ya Saba

Bakteria ni wambea. Kila mmoja akiwa peke yake, ana adabu zake. Wabandike pamoja kwenye utelezi wa bomba la kutolea maji machafu ya sinki, hapo hakuna siri tena. Mmoja akijua namna ya kuishinda dawa, anampa jirani yake kipande cha vinasaba vyake, na jirani naye hanyamazi.

Mimi ndiye fundi wa maabara niliyewafuma. Nilikuwa nawatafuta kwa hasira, kwa sababu shangazi yangu, aliyenilea, alilazwa kitanda cha nne, wodi ya saba, na kidonda cha mguu wake kilikuwa kimezikataa dawa mbili. Ya tatu nayo ikishindwa, alisema daktari, mguu unakatwa.

Nikakwangua bomba la sinki lililo kando ya kitanda chake. Nikawakuta walewale wa kidondani, wamenona, dawa mbili wameshazizoea na ya tatu wanajifunza. Maji yakiruka, nao wanarukia wagonjwa. Nikapanda wodini nimefura.

"Nani anamwaga dawa humu?"

"Sisi," akajibu muuguzi mkuu bila haya. "Mabaki ya chupa. Ulitaka tuyanywe?"

"Dawa kidogo kidogo haiwaui! Inawashtua tu, ndiyo wanazidi kupeana mbinu. Na hawanoni hivi kwa maji matupu. Nani anawalisha sukari?"

Wodi nzima ikatazama dari. Shangazi akakohoa.

"Ni mimi, mwanangu."

"Unamwaga nini?"

"Chai yako."

Wiki tano nzima, kila asubuhi, nilikuwa nikimletea chupa ya chai ya maziwa, vijiko sita vya sukari, apate nguvu.

"Sasa shangazi, mbona hukusema?"

"Ungenuna. Tangu utotoni ukikosolewa upishi unanuna siku tatu. Na chai yenyewe, mwanangu, haimezeki."

Muuguzi mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikanuna palepale.

Dawa ya tatu ilishindwa. Mguu ulikatwa Alhamisi. Ijumaa nilisimama mlangoni mikono mitupu, naona aibu hata kumpa shikamoo.

"Chai iko wapi?" akauliza.

Nikamletea, bila sukari. Akainywa yote, kila funda akikunja uso, macho yake hayabanduki kwangu.

"Bado mbaya," akasema, akanirudishia kikombe kitupu.