Risasi ya Nane

Nilishamwambia Masele mara mia: hiyo bastola ya marehemu baba yako ipeleke kwa fundi. Loki yake ya usalama imechakaa, haishiki. Kibali anacho, uhakiki wa polisi hakosi, na kila Jumamosi anaisafisha kwa mafuta ya cherehani yangu. Habari ya fundi tu ndiyo haimwingii. Mwanaume mbishi huyo!

Jumamosi hiyo alikuwa mezani, sebuleni kwetu Kiseke. Ameshachomoa magazini, anapanga risasi kwenye kisahani, mara tukasikia sauti ya mama yangu mzazi getini: "Hodi humu!" Kwetu Usukumani, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Masele akafunika vitu vyake kwa kitambaa, akatokea mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na hapa mmeficha nini?" Akafunua kabla sijautua mzigo wake.

"Kumbe ndicho hiki mkwe wangu anachokibembeleza kila wiki!" Akacheka, akaiinua, akausogeza mdomo wa mtutu karibu na jicho, maana haoni vizuri.

"Haina kitu, mama, lakini iweke chini," nikasema. Ndipo nikatazama kisahani. Risasi zilikuwa saba. Masele huweka nane: saba za magazini, na moja inayokaa ndani ya bastola yenyewe. Hiyo huitoa mwisho, na leo mwisho hakuufikia.

Kidole cha mama kilikuwa palepale pa kufyatulia. Nikimshtua, atabana.

"Baba Queen," nikamwita mume wangu taratibu, "ya nane iko wapi?"

Nilimwona dirishani, kasimama nje, adabu imemgandisha. Mungu anisamehe, nilimchukia mume wangu.

"Masele. Ingia," nikasema vilevile taratibu.

Akaingia. Akamtazama mama usoni, akamshika mkono, akageuzia mtutu ukutani, akakitoa kidole cha mama polepole. Kisha akaivuta nyuma sehemu ya juu ya bastola. Risasi ikaruka, ikabingirika hadi miguuni pa mama.

Mama akajifunika uso kwa khanga. Masele naye akageukia ukuta.

"Mwanangu," mama akaniambia mimi, na mkwe wake yuko hatua mbili tu, "mwambie mumeo heshima yake nusura initoe roho. Siku nyingine amalize kwanza. Mimi nitasubiri getini."